Gunia la Nusu Bei

Rahisi huvunja upishi. Wahenga walioyatamka maneno haya hawakumkataza mnyonge kutafuta bei nafuu, wala hawakumshauri mtu yeyote atapanye alicho nacho. Walijua kwamba kitu huweza kuwa rahisi kwa sababu msimu wake umewadia na mashamba yamefurika, na urahisi huo ni neema. Walijua vilevile kwamba kitu huweza kuwa rahisi kwa sababu mwenye nacho anataka kimtoke mkononi kabla hajaulizwa kimetoka wapi. Urahisi huu wa pili ndio waliouonea hofu, na hofu yao haikuwa ya bure.

Katika jiji moja kubwa, kwenye mtaa wa viwanda vya uchapaji, palikuwa na mwanamke aliyeendesha mgahawa wa vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na meza nne ndefu zilizotandikwa plastiki ya maua, na cha nyuma kilikuwa jiko. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahauliwa na wote isipokuwa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Bi Punguza, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kinywani kila aliposimama mbele ya muuzaji. Watani wake walisema kwamba hata siku ilipotajwa mahari yake, bibi harusi mwenyewe alisikika nyuma ya pazia akisema, "Punguzeni."

Hata hivyo, Bi Punguza hakuwa mkono wa birika. Sahani zake zilijaa, mchuzi wake ulikuwa mzito, na mtu aliyetaka ukoko wa wali alipewa bila kuombwa cha ziada. Katika jiji lile ambamo maisha yalikuwa moto wa kuotea mbali, wapiga chapa, wakata karatasi na madereva wa mikokoteni walikula kwake wakashiba. Siri yake ilikuwa soko la wakulima.

Soko hilo lilifanyika kila Jumamosi, msimu hadi msimu, katika kiwanja cha zamani cha mpira. Malori yaliingia alfajiri kutoka mashambani na kutoka alasiri yakiwa matupu. Bi Punguza alilijua soko lile kama kiganja chake. Mzunguko wa kwanza alitembea mikono nyuma, hanunui kitu, anatazama tu kilichofurika hadi kikakosa meza na kumwagwa chini. Kilichomwagwa chini ndicho kilichokuwa chakula cha wiki hiyo. Wiki ya kabichi, wateja walikula kabichi. Wiki ya viazi, walikula viazi. Hata kinywaji cha mgahawa kilifuata mkondo huo huo: tunda lililojaa sokoni ndilo lililokamuliwa, likatiwa maji ya kuchemsha na sukari kidogo. Nyanya alizinunua mwisho kabisa, zile zilizopasuka ngozi, kwa kuwa mchuzi hauulizi nyanya ilikuwa na sura gani.

"Kitu cha kwanza cha msimu hununuliwa na wenye haraka," alikuwa akimwambia wifi yake, "na cha mwisho hununuliwa na wenye majuto. Sisi tuwe katikati."

Wifi huyo alikuwa dada mdogo wa mumewe. Alikuwa ameachika, akaja kwa kaka yake na sanduku moja na kikohozi, akisema atakaa mwezi mmoja. Miaka sita ilikuwa imepita. Watu husema wifi na wifi ni paka na panya, lakini wawili hawa walikuwa chanda na pete. Mmoja alinunua, mwingine akapika. Wifi ndiye aliyekuwa na ulimi wa jikoni. Angeonja mchuzi mara moja, afumbe macho, kisha aseme kinachopungua, na asikosee.

Maharage waliyanunua kwa Mama Ungo, mkulima wa makamo mwenye ulimi mkali kama pilipili. Aliitwa hivyo kwa sababu hakupima punje hata moja kabla ya kuipepeta kwenye ungo mbele ya mnunuzi. Huyu ndiye pekee sokoni ambaye neno "punguza" halikumpenya. "Shamba halikunipunguzia magugu," angejibu, "nami sikupunguzii bei." Kisha akishapima, angechota ukufi mmoja wa nyongeza na kuutupia kwenye mfuko bila kutazama, kana kwamba mkono ule haukuwa wake.

Basi mambo yalikwenda hivyo, hadi ulipofika mwaka ambao kiwanda kikubwa cha mtaa kilipata kazi ya kuchapa vitabu vya shule. Wafanyakazi arobaini wangekuwa kazini miezi mitatu mfululizo, na mwenye kiwanda alitaka chakula cha mchana kwa wote. Migahawa mitatu iliomba. Bi Punguza alijifungia jikoni na wifi yake, akapiga hesabu zake, akapeleka bei ambayo wenzake waliposikia walishika vichwa. Alikuwa ameihesabu kwa bei ya maharage ya mavuno, na mavuno yalikuwa yanatarajiwa wiki mbili zijazo.

"Wifi, hayo maharage bado yako shambani," wifi yake alimwambia.

"Mvua zikikatika, yatakuja."

"Na zisipokatika?"

"Wewe kila siku unaona kaburi kwenye shimo la taka," akajibu, wakacheka.

Alipewa kazi. Siku hiyo Gundi, fundi wa kujalidi vitabu, ambaye vidole vyake havikuwahi kubanduka vizuri tangu ujana wake, aliinuka mezani na kutoa hotuba. Alisema kuanzia sasa mwenye mgahawa aitwe Bi Zidisha. Watu wakagonga vikombe, naye Bi Punguza akaingia jikoni kujifuta macho na upande wa khanga, kwa maana tangu aanze biashara hakuwahi kushangiliwa.

Mvua hazikukatika. Zilinyesha wiki ya kwanza, zikanyesha ya pili, na maharage mashambani yakabaki mabichi yakiwa yametota. Jumamosi ya tatu, Bi Punguza na wifi yake walifika kiwanjani wakakuta malori machache na matope mengi. Mama Ungo alikuwapo na kigunia kimoja cha mavuno ya mwaka uliopita. Bei yake ilikuwa imepanda maradufu.

"Mama Ungo, mimi mteja wako wa miaka," alisema Bi Punguza.

"Ndiyo maana nakuonyesha ukweli." Mama Ungo alipepeta, na punje zilizotobolewa na wadudu zikaruka upande. "Tazama. Nikichambua, nusu ni ya kuku. Hii nusu nyingine ndiyo nakuuzia. Nikupunguzie nini, matundu?"

Bi Punguza aliondoka amekunja uso. Jumatatu ndiyo siku aliyopaswa kuanza kulisha watu arobaini. Alizunguka kiwanja chote. Huko mwisho, nje ya uzio, kando ya mtaro, aliona gari dogo la mizigo lililofunikwa turubai. Mwanamume mmoja mwenye kofia alikuwa ameegemea mlango. Injini hakuizima. Nyuma ya turubai palikuwa na magunia ya maharage ya manjano, safi, makubwa, yenye ngozi nyororo, hata mtu angedhani yamepakwa mafuta.

"Haya bei gani?"

Mwanamume alitaja bei. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, neno lile lilimkwama Bi Punguza kooni. Bei aliyotajiwa ilikuwa nusu ya bei ya kawaida, si nusu ya ile ya Mama Ungo.

"Mbona rahisi hivi?"

"Mama, mwenye mali ana ghala analotaka kulipaka rangi. Kaniambia niyamalize leo."

Wifi alikuwa amechota kiganja cha punje na kuzipeleka puani. "Wifi, haya yananukia."

"Yananukia nini?"

"Kama lile duka la pembejeo. Pale wanapouza mbegu na dawa."

"Gari hili lilibeba mbolea wiki iliyopita, dada," mwanamume alidakia kabla hajaulizwa. "Harufu hushika gunia. Ukiosha, inakwisha."

"Na mbona ni kama yana majimaji kwa juu?"

"Nimeyaosha vumbi. Nyie wa mjini mnapenda vitu safi."

Wifi alizirudisha punje ndani ya gunia, akajifuta kiganja kwenye gauni, kisha akajifuta tena. Bi Punguza alinunua gunia zima. Walipokuwa wakilipitisha juu ya mkokoteni mbele ya Mama Ungo, mkulima yule aliinuka, akatia mkono kwenye mdomo wa gunia na kuitazama punje moja kwa muda mrefu.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Kwa watu wanaopunguza."

"Sikiliza nikuambie. Maharage mapya hayajavunwa. Ya zamani yana wadudu, kama haya yangu. Hayo yako si mapya, na hayana mdudu hata mmoja. Jiulize mdudu amekataa nini."

Waliokuwa karibu walicheka, na kicheko kile kilimchoma Bi Punguza. "Mwamba ngoma huvutia kwake, Mama Ungo."

"Haya," Mama Ungo alisema, akarudi kukaa. "Vutia yako."

Jumapili alasiri, wifi aliroweka maharage katika masufuria mawili makubwa. Aliporudi baada ya muda kuyatazama, alimwita Bi Punguza. Maji yalikuwa na rangi ya waridi.

"Maharage ya manjano hayatoi rangi hii," wifi alisema.

Bi Punguza aliinama akatazama. Alijua, kama anavyojua kila mtu aliyewahi kuishi na mkulima, kwamba mbegu za kupandwa hutiwa dawa ya wadudu na kupakwa rangi ili mtu asizile. Wazo hilo lilimjia, likasimama mlangoni, naye hakulifungulia. Aliwaona watu arobaini wakiwa na sahani tupu. Alimwona mwenye kiwanda akiwaita wale wenye migahawa wengine wawili.

"Ni gunia hilo limechuja," alisema. "Yaoshe tena."

"Wifi..."

"Yaoshe mara tatu. Nne. Maji yakiwa meupe, si basi?"

Wifi aliyaosha mara tano. Ya tano maji yalikuwa meupe.

Jumatatu asubuhi walibandika sufuria mapema. Wifi alikaanga vitunguu, akatia nyanya, akamimina maharage, akaanza kazi yake ya kuonja. Alionja chumvi. Alionja ulaini. Alirudia, kwa kuwa alisema kuna ukakasi fulani kwenye ncha ya ulimi ambao hakuuelewa, akatia nyanya nyingine, akaonja tena. Saa tano hivi Bi Punguza alimkuta ameketi juu ya ndoo, jasho linamtiririka kama mtu aliyetoka mvuani.

"Una nini?"

"Kichwa. Na macho yangu yana ukungu." Alijifuta mate yaliyokuwa yakimtoka pembeni mwa mdomo, akaona haya. "Labda homa."

"Nenda kalale stoo. Nitapakua mwenyewe."

Wifi alijinyanyua. Mlangoni aligeuka. "Wifi, kwa nini tusiwape wali na kabichi leo?"

Bi Punguza alisikia maneno hayo. Baadaye angeapa mbele ya mumewe kwamba hakuyasikia, na baadaye tena angekiri kwamba aliyasikia. Nje king'ora cha mapumziko kilikuwa kimelia, na viatu vya watu arobaini vilikuwa vinakuja barazani. Alichukua upawa.

Walikula kwa furaha. Gundi aliomba aongezewe, akasema maharage haya ni mazuri hata angeweza kuyajalidi. Hazikupita dakika arobaini. Alikuwa wa kwanza kusimama, akiushika ukingo wa meza, akitazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mlango. Alitapika pale pale. Kisha mkata karatasi mmoja, kisha wawili waliokaa karibu na dirisha, kisha meza nzima. Mikono yao ilikuwa ikirukaruka yenyewe. Kilichomtisha Bi Punguza zaidi ya matapishi kilikuwa kimya. Watu wazima waliokuwa wakicheka sasa walikuwa wakihangaika kupata pumzi, na hakuna aliyekuwa na pumzi ya kupiga kelele.

Alikimbilia stoo. Wifi alikuwa ubavu chini, povu mdomoni, kidole gumba kikicheza juu ya sakafu.

Hospitali ilipokea wagonjwa thelathini na mmoja. Wengine walilazwa sakafuni, chini ya madirisha. Daktari aliyekuwa zamu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitembea kutoka kwa mmoja hadi mwingine akimulika macho yao, kisha akamfuata Bi Punguza kwenye korido.

"Wewe ndiye uliyepika?"

"Ndiyo, daktari."

"Walikula nini?"

"Wali na maharage. Maji ya matunda."

"Chakula kililala?"

"Kimepikwa leo."

Daktari alimtazama vizuri. "Nisikilize, mama. Mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, mate yanatoka, misuli inacheza. Hii inafanana na sumu ya kuulia wadudu. Dawa yake ninayo, ila ni kali. Ikiwa si sumu hiyo, naweza kuwaua kwa mkono wangu. Maharage yalikuwa ya mbegu? Yalikuwa na rangi?"

Mumewe Bi Punguza, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ndiyo kwanza anaingia, na aproni yake ya ngozi bado iko kifuani. Nyuma yake aliingia mwenye kiwanda, na nyuma ya mwenye kiwanda askari wawili. Bi Punguza aliwaona wote kwa mara moja.

"Hayakuwa na rangi," alisema. "Maharage ya kawaida."

"Uliyanunua wapi?" askari mmoja aliuliza.

"Soko la wakulima. Kwa Mama Ungo. Ndiko ninakonunua siku zote."

Sehemu ya mwisho ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli, ilitoka bila kukwama.

Daktari alisita. Aliamua kuwapa maji ya mishipa na dawa ya kutuliza tumbo, huku akisubiri. Askari waliondoka na afisa wa afya. Mama Ungo walimkuta nyumbani kwake nje ya jiji, akikausha kile kilichobaki cha kigunia chake. Walimpakia yeye, kigunia, na hata ungo.

Gundi alifariki Jumanne alfajiri. Alikuwa ameongezewa sahani, na mwili wake ulikuwa mdogo. Mkewe alikuja na nguo safi kwenye mfuko, akidhani anakuja kumchukua mumewe arudi nyumbani, akaambiwa pale pale mlangoni. Alikunjua shati alilokuwa amelileta, akalikunja upya, akalikunjua tena.

Asubuhi hiyo hiyo afisa wa afya alirudi. Bi Punguza alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda cha wifi yake. Kilikuwa na magurudumu na kilikuwa kikitetemeka taratibu, kwa sababu aliyekuwa juu yake alikuwa akitetemeka. Alimsikia afisa akimweleza daktari kwenye mlango wa wodi.

"Maharage ya yule mama ni mazima. Yana wadudu hai ndani yake. Yangekuwa na sumu, wangekuwa wamekufa."

"Basi sijui natibu nini," daktari alisema. "Natibu gizani. Nina watu saba hapa ambao jua likitua huenda nisiwe nao."

"Na yule mama tumfanyeje? Watu wamekwenda kwake wamekata mahindi yake yote. Wamesema ni muuaji."

Bi Punguza alishika kiganja cha wifi yake. Kilikuwa na maji kama kitambaa kilichokamuliwa nusu. Kulikuwa na mumewe upande wa pili wa kitanda, amelala akiwa amekaa, kichwa kimeangukia kifua. Alifikiri kwamba akinyamaza, atakuwa amepoteza mgahawa. Akisema, atapoteza mgahawa, mume na uhuru wake. Alikaa na hesabu hiyo kwa muda ambao hata mwenyewe hakuweza kuueleza. Kisha akapiga moyo konde, akainuka, akaenda hadi mlangoni.

"Daktari, ni mbegu," alisema. "Maji yalikuwa ya waridi. Niliyaona. Wifi yangu aliniambia, nikamwambia aoshe."

Hakuna aliyemkemea. Daktari aligeuka na kuanza kukimbia, akiwaita wauguzi kwa majina. Afisa wa afya alitoa daftari, akauliza gari lilikuwa wapi, la rangi gani, mtu alikuwa na sura gani, na magunia mangapi yalibaki chini ya turubai. Mumewe alikuwa ameamka. Alisimama kando ya kitanda cha dada yake, akimtazama mkewe, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo kama mtu anayengoja aambiwe kwamba amesikia vibaya.

Magari ya matangazo yalizunguka mitaa yote mchana ule. Familia tisa zilizonunua kwenye gari lile zilirudisha maharage, mbili kati yao zikiwa zimeshayaroweka. Watu sita kati ya wale saba waliokuwa hatarini walipata nafuu kabla jua halijatua, ingawa mkata karatasi mmoja hakuweza tena kushika kisu bila mkono kucheza. Wa saba alikuwa wifi. Alikuwa amekula kidogo kuliko wote, ila alianza kabla ya wote, kijiko baada ya kijiko, tangu asubuhi, akitafuta kilichopungua. Dawa ilimkuta pumzi zimekwisha. Alikata roho saa tisa, mchana kweupe, wodi ikiwa imejaa watu, bila kumtambua yeyote.

"Ningejua jana," daktari alimwambia mume wa Bi Punguza kwa upole, "ningejaribu kwa namna nyingine." Hakumtazama Bi Punguza.

Mumewe hakumpiga, wala hakupaza sauti. Walipotoka makaburini alimwambia neno moja tu. "Alikuja kwangu kujihifadhi." Kisha alikwenda kulala kwenye karakana yake, kati ya mageti na madirisha ya watu, na tangu siku hiyo hakurudi. Mtu mwenye kofia hakupatikana. Gari lake lilikuwa na namba za kubandika, na ghala la kupakwa rangi halikuwapo popote.

Kabla ya siku ya hukumu mahakamani, Bi Punguza, akiwa nje kwa dhamana, alikwenda kwa Mama Ungo. Alimkuta anang'oa mabua ya mahindi yaliyokatwa, peke yake. Alipiga magoti kwenye tope, akasema yote, hata yale ambayo Mama Ungo alikuwa anayajua. Mama Ungo aliendelea kung'oa hadi alipofika mwisho wa mstari.

"Siku mbili walinilaza kwenye saruji," alisema hatimaye. "Watoto wa majirani wananikimbia hadi leo. Sokoni nimeketi Jumamosi nzima, hakuna aliyetia mkono kwenye gunia langu. Uliponitaja, ulijua kwamba si mimi?"

"Nilijua."

"Basi inuka. Nimekusamehe kwa mdomo. Moyo utafuata ukitaka, mimi siwezi kuuburuta."

Bi Punguza alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Asubuhi aliyopelekwa gerezani ilikuwa Jumamosi, na lori la wafungwa lilipita kando ya kiwanja cha zamani cha mpira. Mvua zilikuwa zimekatika wiki tatu zilizopita, zile zile alizokuwa akizisubiri. Kupitia wavu wa dirisha aliona maharage mapya yamemwagwa chini kwenye maturubai kutoka uzio hadi uzio, mengi kuliko mwaka wowote aliokumbuka, na wakulima wakiitana bei. Aliisikia vizuri. Ilikuwa chini ya ile aliyotajiwa kando ya mtaro.

Mlinzi aliyekaa naye alisikia pia, akatabasamu. "Mwaka huu tutakula," alisema.

Bi Punguza aligeuza uso. Wiki chache za kabichi na viazi zingemvusha hadi pale. Wateja wangenung'unika, Gundi angewatania, na wifi angefumba macho juu ya kijiko aseme kinachopungua. Badala yake alikimbilia gunia la nusu bei, nalo likamvunjia sufuria, nyumba, jina la mtu mwema na maisha ya watu wawili. Hakika, rahisi huvunja upishi.